Hiari, leseni au marufuku: kuchagua upande katika ugomvi wa nyika za grausi

Kila ifikapo tarehe 12 Agosti, msimu wa kuwinda ndege aitwaye grausi hufunguliwa katika milima ya Uskoti na kaskazini mwa Uingereza (yaani England, na ndivyo nitakavyolitumia jina hilo), na ugomvi hufunguka pamoja nao. Kuna wanaotaka uwindaji huo uachwe ulivyo, wanaotaka uwekewe leseni na wanaotaka ufutwe. Wote husema wanatetea mazingira, na kila upande una ushahidi wa kweli mkononi. Makala haya ni kwa msomaji aliyeletewa ombi la kutia saini akiwa Leeds au Glasgow, kwa anayefikiria kujiunga na chama cha kuhifadhi ndege, na kwa mwanafunzi wa uhifadhi anayetaka kuuelewa mjadala huu kabla ya kuuandikia.

Kwanza tumjue ndege mwenyewe. Grausi ni wa jamii ya kwale, ana rangi ya kahawia iliyoiva hadi kuelekea wekundu, na makao yake ya asili ni visiwa vya Britania na Ayalandi tu. Chakula chake kikuu ni machipukizi ya hetha, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, wa ukoo mmoja na ile mimea ya Erica inayoota Kilimanjaro juu ya ukanda wa msitu.

Uwindaji unaogombewa ni wa kuswaga. Wenye bunduki hujipanga kwenye maficho, waswagaji hupita nyikani wakipunga bendera, na ndege huruka kwa kasi kuelekea kwenye mstari wa bunduki. Ili siku kama hiyo ilipe, grausi lazima wawe wengi kuliko mlima ungeweza kulea wenyewe. Kwa hiyo hetha huchomwa kwa vipande ili ichipue upya, mbweha, kunguru na vicheche huuawa, na changarawe zenye dawa ya minyoo hutawanywa ili ndege wazimeze. Kuna pia uwindaji wa kutembea na mbwa na kupiga ndege wachache. Huo unahitaji grausi wachache zaidi, na wengi wanaodai marufuku hawaulengi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataziona sura anazozifahamu: Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977, Tanzania ina vitalu na vibali. Lakini asiharakishe kulinganisha. Nyika za grausi kwa sehemu kubwa ni milki za watu binafsi, na mnyama anayezozaniwa si yule anayepigwa risasi kihalali. Ni yule anayeuawa kimyakimya ili wa kupigwa risasi wapatikane.

Njia zenyewe

Njia ya hiari ndiyo iliyofuatwa Uingereza kwa muda mrefu. Kuua ndege mbuai ni kosa, lakini milki haihitaji leseni ya kuendesha uwindaji. Serikali, wenye ardhi na wahifadhi hukaa mezani na kukubaliana hatua, kama walivyofanya mwaka 2016 katika mpango wa kumwokoa harieri, mmoja wa ndege hao mbuai.

Njia ya leseni ni ya Uskoti. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Edinburgh mwaka 2024 inaitaka kila milki iwe na leseni kutoka NatureScot, shirika la serikali la mazingira, ndipo iwinde grausi, na leseni hiyo inaweza kusimamishwa au kufutwa.

Njia ya marufuku inadaiwa zaidi na Wild Justice, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2019 na Chris Packham, Mark Avery na Ruth Tingay. Ombi la Avery la mwaka 2016 lilipata saini zaidi ya 123,000 na kujadiliwa katika Bunge la Westminster, London. Jingine likajadiliwa Juni 2025. Mara zote mbili serikali ilikataa.

Nitazipima njia hizi kwa mambo manne: hali ya ndege mbuai, hali ya ndege wanaotaga chini, hali ya udongo na maji, na maisha ya watu wa milimani. La kwanza litachukua nafasi kubwa kwa sababu ndilo lililowasha moto wote.

Harieri na tai

Harieri ni wa jamii ya mwewe, mwenye mbawa ndefu, na huruka chini chini juu ya nyasi akisikiliza panya. Dume ni wa rangi ya majivu, ncha za mbawa nyeusi. Jike ni wa kahawia. Binamu zake wawili huja Serengeti na Maasai Mara wakati Ulaya kuna baridi, kwa hiyo aliyewahi kuwaona kule anajua mruko wake. Hutaga ardhini ndani ya hetha, na pamoja na panya na vipimanjia, ndege wadogo wa nyikani, hula makinda ya grausi. Hapo ndipo kosa lake lilipo machoni pa mlinzi wa mawindo.

Hofu hiyo si ya kubuni. Huko Langholm, kusini mwa Uskoti, watafiti waliwaacha harieri wazaliane bila kuguswa kati ya 1992 na 1997. Majike wanaotaga waliongezeka kutoka 2 hadi 20, na uwindaji wa kuswaga ukasimama kwa kukosa grausi wa kutosha. Utafiti mmoja ukawa umethibitisha mambo mawili: harieri hustawi pale asipouawa, na akistawi biashara ya kuswaga huyumba. Anayekutajia nusu moja tu anakuficha nyingine.

Chini ya njia ya hiari, rekodi ni nzito. Harieri amelindwa na sheria tangu 1954, lakini mwaka 2013 hakuna hata kiota kimoja kilichofanikiwa Uingereza nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia harieri 58 waliovishwa vifaa vya satelaiti. Asilimia 72 kati yao walithibitika au walionekana kwa uwezekano mkubwa kuwa wameuawa kinyume cha sheria, na hatari ya kufa kwa namna hiyo ilikuwa mara kumi juu ya nyika za grausi kuliko kwingine.

Hata hivyo makubaliano yalizaa kitu. Mwaka 2018 ulianza mpango wa majaribio wa kuchukua makinda kutoka viota vilivyo karibu karibu, kuwalea kwenye vizimba na kuwarudisha nyikani wakishaweza kuruka. Kusudi lilikuwa kumwondolea mwenye milki hofu ya kuona ndege hao wakijazana kwake. Mwaka 2023 kulikuwa na viota 54, 36 vikafanikiwa, makinda 141 wakaruka. Mwaka uliofuata viota vilishuka hadi 34 na makinda hadi 80. Majaribio yamekwisha na hayakuendelezwa. Wenye milki husema idadi ilipanda kwa sababu walipewa sababu ya kuvumilia. Wapinzani husema makinda walilelewa kwa uangalifu kisha wakaachiwa kwenye nyika zile zile zinazowamaliza. Uingereza ina makao ya kutosha jozi zaidi ya 300. Mimi nikiiweka idadi hiyo mbele ya viota 34, siwezi kuuita huo ufanisi. Lakini kutoka sifuri ya mwaka 2013, nisingeweza kuuita bure pia.

Leseni ilizaliwa kwa sababu ya tai. Ripoti iliyotolewa kwa serikali ya Uskoti mwaka 2017 iliwachunguza tai wa dhahabu vijana 131 waliofungwa vifaa kati ya 2004 na 2016: 41 walitoweka katika mazingira ya kutia shaka, wengi juu ya nyika za grausi. Ikaundwa kamati ya Profesa Alan Werritty, iliyotoa taarifa mwaka 2019, na mwishowe sheria ikaja. Nguvu ya leseni iko katika kiwango cha ushahidi. Mahakama ya jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka, na mlimani, saa kumi na moja alfajiri, nani atatoa ushahidi? Mwenye kutoa leseni hahitaji kusubiri mtu ahukumiwe. Akiridhika kwamba kosa lilitendeka kwa ajili ya uwindaji huo, anaweza kuifuta leseni. Tajiri ambaye faini haimgusi ataguswa na msimu mzima bila wageni.

Ila leseni ni nzuri kadiri maneno yake yalivyoandikwa. Mwishoni mwa 2024, baada ya wenye milki kutishia kwenda mahakamani, masharti yalibadilishwa ili leseni ihusu eneo la kupigia ndege tu badala ya milki nzima. RSPB, chama kikubwa cha kuhifadhi ndege, na wengine walilalamika, kwa haki, kwamba tai anaweza kutegewa sumu kilomita chache kando na leseni ibaki salama. Anayechagua njia hii ajue kwamba kazi yake haitaisha siku sheria inapopita.

Marufuku huondoa sababu yenyewe ya kuua. Hakuna njia nyingine inayodai hivyo, na ndiyo hoja yake kubwa. Lakini Langholm inatukumbusha jambo jingine: walinzi walipoondoka mwaka 1999, harieri nao walipungua hadi kubaki majike wachache, kwa kuwa mbweha walifikia viota bila kizuizi. Risasi ikinyamaza, mlima hauwi salama kwa ndege anayelala chini.

Sululu na wenzake

Sehemu hii wengi wanaopinga uwindaji huipitia haraka, na nadhani si sawa. Sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda ambaye wavuvi wetu wa pwani humwona akichokora matope maji yanapokupwa, yumo hatarini katika Ufalme wa Muungano, yaani Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi ya Kaskazini. Idadi ya wanaotaga huko imepungua kwa karibu nusu tangu miaka ya 1990, na karibu robo ya sululu wa Ulaya na Asia wanaotaga duniani wako katika nchi hiyo. Na mahali wanapofanikiwa zaidi mara nyingi ni nyika ya grausi.

Jaribio la Otterburn, Northumberland, lililofanyika kati ya 2000 na 2008, lilionyesha kwamba pale mbweha na kunguru wanapodhibitiwa, sululu na ndege wengine watagao chini huzalisha takriban mara tatu zaidi. Kinyume chake kilionekana Berwyn, milima ya Welisi, baada ya kazi ya walinzi kukoma: kati ya miaka ya 1983 hadi 1985 na mwaka 2002, sululu walipungua kwa asilimia 79. Ni haki kuongeza kwamba sululu walikuwa wakipungua sehemu nyingine za Welisi pia, na kwamba takwimu hizi hutajwa sana na upande wa wawindaji. Bado haziwezi kupuuzwa.

Chini ya hiari na chini ya leseni, kazi hii ya walinzi huendelea kwa fedha za mwenye milki bila kumgharimu mlipa kodi. Uskoti imeikaza: mitego ya kitanzi imepigwa marufuku na mitego mingine inahitaji mafunzo na kibali. Chini ya marufuku, mtu mwingine lazima alipe. RSPB yenyewe huua mbweha katika baadhi ya hifadhi zake ili kuwalinda ndege watagao chini, kwa hiyo swali si kama inaweza kufanyika bali ni nani ataifanya kwenye maelfu ya hekta, na kwa mshahara wa nani. Anayedai marufuku bila kujibu swali hilo hajamaliza hoja yake.

Nigusie hapa kekeo. Wa milimani hutaga katika viota vya vipimanjia, na ikiisha kazi hiyo huvuka Sahara hadi misitu ya Kongo. BTO, shirika la utafiti wa ndege, limekuwa likiwafungia vifaa vya satelaiti tangu 2011, na safari zao zimeonekana wazi. Mlima wa Yorkshire unapoharibika, kuna ndege pungufu Kongo miezi michache baadaye.

Udongo, maji na moto

Chini ya hetha kuna piti, udongo mweusi wa mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kwa sababu ya kulowa. Piti hujengwa na sifagnamu, mmea laini unaofyonza maji kama sponji, na kaboni iliyolala humo ni nyingi kuliko ya misitu yote ya Ufalme wa Muungano. Ikikauka huoza na kutoa hewa ukaa. Ikimomonyoka huyapaka maji ya mabwawa rangi ya chai, na kampuni ya maji hulipa kuyasafisha.

Kuchoma hetha juu ya piti nene ndilo shitaka kubwa. Chini ya hiari wenye milki waliombwa kuacha, na hawakuacha wote. Serikali ikaingilia mwaka 2021 kwa kanuni ya kukataza uchomaji bila kibali juu ya piti yenye kina cha zaidi ya sentimita 40 ndani ya maeneo yaliyolindwa. Mwaka 2025 kina kikashushwa hadi sentimita 30 na eneo likapanuliwa sana. Uskoti nayo imeweka leseni ya kuchoma, ingawa kuanza kwake kumeahirishwa. Kwa hiyo katika kigezo hiki njia tatu zimekaribiana kuliko kelele zinavyodokeza: uchomaji unabanwa hata pasipo marufuku ya uwindaji.

Wenye milki hujibu kwa hoja ya moto mkubwa. Hetha iliyozeeka ni kuni, na Saddleworth, karibu na Manchester, ilionyesha mwaka 2018 jinsi nyika kavu inavyowaka kwa siku nyingi. Wapinzani hujibu kwamba piti iliyolowa haiwaki kirahisi, kwa hiyo dawa ni kuziba mifereji na kurudisha maji. Wote wawili wana ukweli, ila kwa muda tofauti: kulowesha mlima huchukua miaka, na moto hausubiri. Kazi ya Moors for the Future, mradi wa kufufua nyika katika milima ya Peak District karibu na Manchester, iliyoanza mwaka 2003, inaonyesha kwamba piti tupu iliyouawa na moshi wa viwanda inaweza kuvikwa mimea tena, mradi fedha zisikatike.

Na kuna onyo moja kwa wapenzi wa marufuku. Nyika isiyo na grausi haigeuki hifadhi kwa kuachwa tu. Inaweza kugeuka malisho ya kondoo wengi kupita kiasi, au shamba la misonobari ya kigeni. Katika miaka ya 1980 unafuu wa kodi uliwafanya matajiri wapande miti juu ya piti ya Flow Country, kaskazini kabisa mwa Uskoti, kwa hasara kubwa hadi unafuu huo ulipofutwa mwaka 1988. Eneo hilo hilo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kung'oa miti ile.

Watu wa milimani

Hapa niseme kwa ufupi, kwa sababu takwimu za ajira hutolewa zaidi na wenye maslahi. Nyika ya grausi huajiri walinzi wa kudumu wachache na waswagaji wengi wa siku moja moja, hujaza nyumba za wageni vuli ambapo watalii wamepungua, na humpa mlinzi nyumba pamoja na kazi, maana yake akipoteza kimoja hupoteza vyote. Hiari humwacha alivyo. Leseni humpa kinga ambayo haizungumzwi vya kutosha: bosi anayemdokezea awamalize harieri sasa anahatarisha milki yake, si ya mtumishi tu. Marufuku humtaka aanze upya.

Kuanza upya kunawezekana. Langholm tena ni shahidi: mwenye milki alipouza, wananchi wa mji huo walichangisha fedha na kununua ekari 5,200 mwaka 2021 kwa pauni milioni 3.8, kisha ekari nyingine 5,300 mwaka 2022. Leo ni Hifadhi ya Bonde la Tarras, mali ya jamii. Lakini ulikuwa uchangishaji mkubwa wa mji mmoja wenye ari, na Uskoti ina sheria zinazosaidia jamii kununua ardhi. Uingereza haina za kiwango hicho.

Uchague vipi

Ikiwa kinachokuuma zaidi ni harieri na tai, na umekwisha kuona kwamba ulinzi wa sheria tangu 1954 haukutosha, chaguo lako ni kati ya leseni na marufuku. Ukiwa Uskoti, leseni ipo tayari. Saini yako na barua yako kwa mbunge zitafaa zaidi kudai kwamba ihusu milki nzima kuliko kudai sheria mpya. Ukiwa Uingereza, ambako hakuna leseni, RSPB inaidai na Wild Justice inadai marufuku. Chama unachojiunga nacho ndicho kitakachoamua saini yako inakwenda wapi.

Ikiwa moyo wako uko kwa sululu, usiunge mkono marufuku ambayo haina mpango wa fedha za kuwadhibiti mbweha. Leseni yenye walinzi waliofunzwa inakufaa zaidi kwa sasa. Hiari nayo inaweza kukufaa katika bonde ambalo milki yake inajulikana kwa viota vya harieri vilivyofanikiwa mwaka baada ya mwaka. Milki za namna hiyo zipo, na zinastahili kutajwa kwa wema.

Ikiwa jambo lako ni kaboni na maji, ugomvi wa uwindaji unaweza kukupotezea muda. Fuatilia kanuni za uchomaji, na uwape fedha au mikono wanaoziba mifereji na kupanda sifagnamu. Mnywaji wa maji ya bomba Manchester ana dau katika mlima ambao huenda hajaupanda.

Ikiwa unaishi au unafanya kazi katika kijiji cha nyikani, hiari itakuvutia kwa kuwa haivunji kitu. Ipime kwa swali moja: milki ya kwenu ingepewa leseni leo, ingeogopa nini? Isipokuwa na cha kuogopa, leseni haitakuondolea mkate.

Ikiwa unaona kuua ndege kwa burudani ni kosa lenyewe, bila kujali takwimu, basi ni marufuku tu itakayokuridhisha, na huna haja ya kuungoja utafiti mwingine ndipo useme hivyo. Ila sema wazi kwamba hiyo ndiyo sababu yako, kisha uulize pia nani ataununua mlima, na sululu atalindwa na nani msimu wa kwanza bila bunduki.

Na ikiwa ni mwanafunzi unayetafuta mahali pamoja pa kuanzia, anza na Langholm, tangu 1992 hadi leo. Harieri waliachwa wakaongezeka, walinzi wakaondoka, baadaye wakarudi katika mradi wa miaka kumi uliowalisha harieri panya na vifaranga ili wasile grausi, na mwishowe wananchi wakanunua. Kila upande wa ugomvi huu umewahi kupata pale hoja yake bora, na kila upande umewahi kushindwa pale pale.